Udongo mfupi wa changarawe: mashtaka mawili yaliyofungwa fungu moja

Anayechimba shimo katika udongo wa changarawe kandokando ya bonde lililo nusu kame hutoa hukumu kabla shimo halijamfika magotini. Sururu inalia, na sentimita 30 au 40 chini anakutana na mwamba au tabaka jeupe gumu kama saruji. Hapa hapafai, anasema, anakwenda zake.

Hukumu hiyo ina haki kiasi, ila imeubebesha udongo makosa mawili kana kwamba ni moja: wingi wa changarawe na uhaba wa kina. La kwanza lina utetezi mzuri kuliko inavyodhaniwa. La pili, utetezi wake ni mwembamba kama udongo wenyewe.

Mkanganyiko huu hauko kwa wakulima peke yao. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, kundi la Leptosoli (jina limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya "-embamba") linapokea udongo wenye mwamba usiozidi sentimita 25 kutoka juu, na pia udongo uliojaa mawe kiasi kwamba ule laini haufiki asilimia 20 hadi kina cha sentimita 75. Maumbile mawili, jina moja. Na si kundi dogo: linakadiriwa kufunika zaidi ya hekta bilioni 1.6 duniani, na hakuna kundi jingine linalolizidi kwa ukubwa.

Tuanze na mashtaka, maana yana uzito. Changarawe kitaalamu ni kipande chochote kinachozidi milimita 2, na kipande cha jiwe gumu hakihifadhi maji wala hakishiki mbolea. Chukua udongo wa tifutifu unaoweza kuwapa mimea milimita 160 za maji kwa kila mita ya kina. Ukiwa na kina cha sentimita 120 bila mawe, ghala lake ni milimita 192. Sasa ukate ubaki sentimita 40, kisha nusu ya ujazo wake iwe changarawe: ghala linashuka hadi milimita 32. Zao linalotumia milimita 6 kwa siku litamaliza akiba hiyo ndani ya siku tano, wakati kwenye udongo ule wa kwanza lingehimili mwezi. Katika nchi ambako wiki tatu za jua kali katikati ya msimu si jambo la ajabu, siku tano ni kifo cha mmea wa msimu mmoja. Mbolea nayo haikai: mvua kubwa ikipita kwenye udongo usio na pa kuishika, naitrojeni inashuka nayo.

Kuna hila nyingine ambayo huwaponza hata wasomi. Maabara huchekecha sampuli kwa chekecheke ya milimita 2 na kupima kile kilichopita tu. Cheti kikirudi kikisema mboji ni nyingi na potasiamu inatosha, kinazungumzia udongo laini peke yake. Shamba lenye nusu ya ujazo wake mawe lina nusu tu ya utajiri huo. Tena asilimia kwa uzito si asilimia kwa ujazo: kwa kuwa jiwe ni zito kuliko udongo, sampuli yenye nusu ya uzito wake mawe huwa na mawe kama theluthi moja tu ya ujazo. Asiyeuliza ni asilimia ya nini anaweza kukosea kwa kuzidisha au kwa kupunguza. Kwa maoni yangu, cheti kisichotaja kiasi cha changarawe hakifai kuongoza ununuzi wa mbolea kwa udongo wa aina hii.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1973 mwanaikolojia Imanuel Noy-Meir alieleza jambo linaloonekana kwenda kinyumenyume: penye mvua nyingi, udongo mzito ndio unaowapa mimea maji zaidi, lakini penye ukame, udongo wa chembe kubwa huwa bora. Sababu ni kwamba katika nchi kavu adui mkuu wa maji ni jua linaloyavuta kutoka sentimita chache za juu. Mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye tifutifu lile la mfano wetu likiwa limekauka, italowesha kama sentimita 6 tu, na siku chache baadaye imekwisha kuruka. Ikinyesha pale ambapo nusu ni mawe, inateremka karibu mara mbili ya kina hicho, mbali kidogo na jua. Udongo huu basi ni ghala dogo, lakini mlango wake ni mpana. Mvua ndogondogo, ambazo ndizo nyingi katika mabonde haya, unazitumia vizuri kuliko mfinyanzi unavyoweza.

Changarawe ya juu ina faida yake pia. Inapokea kishindo cha matone, inazuia ukoko usijifunge, inakata mvukizo. Wakulima wa Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, wamekuwa kwa zaidi ya miaka 300 wakitandaza changarawe kwa makusudi juu ya udongo wao laini ili waweze kulima penye mvua haba. Watu wa jamii za Pueblo katika bonde la Chama, New Mexico, walitengeneza bustani zilizotandazwa kokoto katika karne ya 14 na ya 15. Haiyumkiniki watu wa pande mbili za dunia wabebe mawe hadi shambani bila sababu, huku wengine wakiyaokota na kuyatupa.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Mtafiti wa udongo Jean Poesen na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba jiwe lilelile hufanya kazi mbili zinazopingana kulingana na lilivyokaa. Likikaa huru juu ya udongo, maji huingia chini yake. Likizama ndani ya ukoko, huwa kama kigae, na maji hukimbia. Ndiyo maana shamba la changarawe lililokanyagwa na mifugo likiwa limelowa linaweza kugeuka kuwa sakafu. Na huko Gansu, changarawe ikishachanganyika na udongo kwa miaka ya kulima, faida yake hupungua hadi itandazwe upya.

Sasa kina. Hoja ya Noy-Meir inahitaji maji yawe na pa kwenda. Mwamba ukiwa sentimita 30 chini, mvua kubwa hujaza kikombe hicho kidogo, na kinachozidi kinamwagika. Utetezi pekee ni nyufa: mizizi ya miti na vichaka vya nchi kavu hupenya kwenye mwamba uliopasuka na kutafuta unyevu chini zaidi, jambo ambalo mazao ya msimu hayana muda wa kulifanya. Kwa hiyo udongo uleule unaoua shamba la nafaka unaweza kubeba vichaka na malisho miaka nenda miaka rudi. Sioni ukinzani hapo.

Mahali pake bondeni nako kuna maana. Mafuriko ya ghafla yakitoka mlimani huangusha mawe mazito kwanza, ukingoni, na kubeba tope laini hadi chini. Kwa hiyo ukingo wenye changarawe na sakafu yenye udongo wa kina ni ndugu wa mafuriko mamoja. Katika jangwa la Negev, kusini mwa Israeli, wakulima wa kale walilijua hilo: mashamba yao yalikuwa chini bondeni, na kila hekta ililishwa na maji ya hekta 20 hadi 30 za miteremko. Majaribio ya mtaalamu wa mimea Michael Evenari pale Avdat, ndani ya jangwa hilo, yalionyesha kuwa kuondoa mawe mteremkoni kuliongeza maji yanayotiririka. Hapo udongo mfupi haukuwa shamba, ulikuwa paa, na paa halilaumiwi kwa kutokuweka akiba.

Mimi naegemea upande wa kuyaacha mawe ya juu mahali pake, isipokuwa pale mteremko unapotumika makusudi kuvuna maji. Na kabla ya kuliita trekta lenye jino refu la kuvunja tabaka jeupe, ni vyema kujua ni tabaka gani. Chokaa katika udongo wa changarawe huanza kama ngozi nyembamba kwenye mawe, hujaza nafasi kati yake, na baada ya maelfu ya miaka huziba kabisa na kujenga utando mgumu wa matabaka membamba juu yake. Likiwa bado ni ngozi, mizizi inapita yenyewe na jino la trekta halina kazi. Likiwa limeziba lakini ni jembamba, na chini yake kuna udongo, kulivunja kunaweza kuongeza kina kwa kweli. Likiwa nene, utapata matofali ya chokaa juu ya shamba na kina kilekile cha jana. Chimba shimo, mwaga ndoo ya maji, rudi asubuhi. Maji yakiwa yamekwisha kuzama, mwambie mwenye trekta abaki kwake; yakiwa bado yamesimama, pima kwanza unene wa tabaka kabla ya kumwita.