Kile Hakikuwa Chakula cha Paka

Naanza na hili ili liishe: sikula chakula cha paka. Paka alikuwepo, chakula kilikuwepo, na mimi nilikuwepo, lakini chakula hakikuwa chake. Anayewaambia vinginevyo ni rafiki yangu Bwana Harusi Mtarajiwa, ambaye tangu juzi jioni amelitangaza jambo hili kwenye kikundi chetu cha mbio, tena kwa sauti aliyoirekodi mwenyewe akilia nyau katikati ya maelezo. Na hata hakuwepo! Mposaji haendi kujiposea. Yeye alibaki kwao Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, anakunywa soda, sisi ndio tuliokwenda Ujiji kumsemea. Kapata habari kwa mtoto wa miaka sita, kaongeza chumvi na ndimu, leo nakutana na watu sokoni wananiuliza kama nimeshakamata panya wangapi.

Basi kaeni mkao wa kula. Neno hilo kwangu bado linauma, lakini kaeni tu.

Jumamosi alfajiri tulikimbia. Tulianzia stesheni ya reli, tukapanda kile kilima cha kwenda Mwanga kinachomfanya mtu akumbuke madeni yake yote, tukashika barabara ya Ujiji, tukageuza, tukarudi. Simu yangu ikasema kilomita 16. Mimi nina kilo 80, na mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa saa mbili usiku wa Ijumaa. Shikeni hizo hesabu, zitarudi.

Tulipomaliza, saa moja na nusu hivi, wenzangu wakamvamia mama ntilie pale karibu na stesheni. Chapati, maharage, supu. Mimi nikakataa. Jamani, sikuwa najidai, njaa sikuisikia kabisa. Ile harufu ya supu ilinitia hata kichefuchefu. Lakini kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa kimya, nikawahutubia: "Ninyi bado wachanga. Mwili wangu umeshazoea, unachoma mafuta yake wenyewe." Dada mmoja kwenye kikundi chetu, nesi, akanitazama huku akipuliza chai yake. Akasema, "Haya. Subiri saa nne."

Baadaye sana, heshima yangu ikiwa imeshaisha, ndipo akanieleza. Ukikimbia kwa nguvu, ile homoni ya njaa inayotoka tumboni, wanaiita ghrelini, hushuka kwa muda. Unajiona malaika, husikii kitu. Wakati huohuo ile akiba ya sukari ya kwenye ini na misuli umeshaitafuna njiani. Mwili ukishapoa, homoni inarudi, na inarudi na wenzake. Kwa hesabu zake, kila kilo yako kwa kila kilomita ni kama kilokalori moja, kwa hiyo mimi niliteremka Ujiji na deni la zaidi ya 1,200. "Ungekula ndizi mbili na yai palepale, hata bila hamu," akasema, "na ungekunywa maji." Mimi nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi nikaenda kuoga.

Saa nne tukawa Ujiji. Mshenga, baba yake mdogo Bwana Harusi, kijana mmoja wa kubeba zawadi, na mimi. Nilivaa kanzu ya kuazima ya mjomba wangu, nyeupe kama maziwa, ameletewa kutoka Oman, ameivaa Idi mbili tu. Na kwa sababu kanzu ile ilikuwa na mfuko mrefu, mshenga akanikabidhi barua ya posa. "Itunze," akanambia. "Nikikuashiria, utaitoa." Kazi yangu siku nzima ilikuwa hiyo. Kukaa, kunyamaza, kutoa bahasha.

Tukaketishwa mkekani. Wazee wa pale hawana haraka, nao wana haki, wanatoa binti. Kwanza salamu. Halafu kuulizana koo. Nani alizaliwa na nani, yupi alitokea ng'ambo ya ziwa, yupi alishuka na treni kutoka Tabora. Saa tano ikapita. Mshenga akaanza kuzungumza kwa mafumbo, kwamba tumepita nje tukaona ua ndani ya uzio wa watu.

Na njaa ikafika hapo. Haikubisha hodi. Ilianza kwenye magoti, ikapanda, nikaona mkeka unakwenda na kurudi kama boti za Kibirizi. Mzee mwenye nyumba akanyamaza kidogo ili ayatafakari maneno ya mshenga, na katika ukimya ule tumbo langu likanguruma. Sisemi lililia. Lilinguruma sentensi nzima, na mwishoni likaweka alama ya kuuliza. Mzee akageuka, akaweka mkono nyuma ya sikio:

"Umesemaje, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Naomba kuelekezwa msalani."

Wallahi, nilikuwa nakwenda msalani kweli. Nilitaka nikanywe maji ya bomba, ninawe uso, nirudi. Lakini njia ya msalani inapita uani, na uani palikuwa na mafiga matatu, sufuria ya pilau ya wageni iliyopaliwa makaa juu, na wanawake wote walikuwa wamekwenda ndani kuchungulia. Pembeni, juu ya kigoda, palikuwa na sinia dogo limefunikwa kawa. Na chini ya kigoda, paka. Huyo ndiye paka wenu. Amekaa kama askari wa zamu.

Mtu wa Kigoma nikimwambia kilichokuwa chini ya kawa atanisamehe kabla sijamaliza. Ugali wa muhogo bado unatoa moshi. Mgebuka mkavu, samaki wa ziwa letu, umeungwa kwa mawese na nyanya, mafuta yameelea juu mekundu kama jua la kuchwea ziwani. Sombe, yaani kisamvu, pembeni.

Nikajiambia: tonge moja. La dawa.

Tonge la kwanza silikumbuki. La pili nalikumbuka kwa sababu nilifumba macho. La tatu nikawa nimechuchumaa, kanzu nimeikunja magotini, mkono unakwenda wenyewe. Ugali wa muhogo, kwa wasioujua, haukubali kuharakishwa. Unanata. Ukiusukuma kabla ya wakati wake, unakaa hapa kooni kama mgeni aliyeambiwa basi limejaa. Mimi nikausukumia tonge la nne. Paka akanitazama. Nikamtupia mkia wa mgebuka ili anyamaze, kumbe hapo ndipo yule mtoto wa miaka sita alipotokeza mlangoni, akatuona tunakula pamoja. Ushahidi wote wa Bwana Harusi ni huo.

Mtoto akapiga kelele: "Mjomba wa barua! Unaitwa na barua!"

Nikaganda. Barua. Mfukoni mwangu. Kule ndani mshenga alikuwa ameshamaliza ua, uzio, nyuki na asali, amefika "na sasa tunayo kauli yetu kwa maandishi", amegeuka kushoto kuniashiria, amekuta mkeka.

Nikageuka niinuke, na nyuma yangu alikuwa amesimama bibi. Bibi mzaa mama wa binti. Fimbo mkononi, kanga mbili. Bibi mwenye kigoda, mwenye kawa, mwenye kile chakula, kwa sababu pilau ya wageni yeye haili.

Sasa nisaidieni, ninyi mliolelewa. Mkubwa yuko mbele yako. Shikamoo ni lazima. Mdomo umejaa. Kutema mbele yake ni tusi, kumeza haiwezekani, kunyamaza ni tusi kubwa zaidi. Hapahapa Ujiji, mwaka 1871, Stanley alifika baada ya miezi zaidi ya saba njiani kutoka pwani, na bado alikumbuka kuvua kofia amsalimie Livingstone kwa heshima. Mimi nimetoka Mwanga kwa gari.

Nikasema, "Fyikamoo."

Punje ya muhogo ikatoka na salamu, ikatua kwenye kanga ya bibi. Akaitazama. Akanitazama. Akasema, taratibu sana, "Marahaba, mwanangu. Umekuja kumposa mjukuu wangu au kuniposa mimi? Maana unachokula ni changu."

Ningependa kuwaambia nilijibu. Nilishikwa na kwikwi.

"Unaitwa upesiii!" mtoto bado anaita. Nikakimbilia birika, nikajimwagia maji mkononi. Lakini mawese hayajali maji. Yanataka sabuni, na cha ajabu watu wa huku sabuni yenyewe wanaipika kwa mawese, ila pale uani kipande hata cha kubahatisha sikukiona. Mkono ukabaki wa rangi ya chungwa hadi kifundoni. Nikaupangusa kwenye kanzu, nyuma, chini ya kiuno, nikijisemea huko hakuna atakayeona.

Nikaingia sebuleni. Kwik. Watu wote kimya. Mshenga ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu anayetabasamu. Nikatia mkono wa kushoto mfukoni, nikaitoa bahasha, na hapo nikagundua sitatoka salama. Kwa mkono wa kushoto siwezi kumpa mzee barua ya posa, bora niichome moto. Wa kulia una mawese. Nikasimama pale kama sanamu, bahasha kushoto, mkono wa kulia nimeuficha nyuma, kwik, na kila sekunde naona uso wa mshenga unazeeka.

Nikatumia wa kulia.

Nikapiga magoti, nikatambaa kwa adabu hadi mbele ya mzee, nikaitoa kwa kuinamisha kichwa. Ukiinama mbele hivyo, nyuma yako inatazamana na wageni wote waliobaki ukutani. Nikasikia neno moja, la baba mdogo: "Astaghfirullah." Ule mkono niliopangusa ulikuwa umejichora wote, vidole vitano na kiganja, juu ya kanzu ya Oman, mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haupaswi kuwa.

Mzee akaipokea barua. Akaigeuza. Kwenye bahasha nyeupe yenye maua ya dhahabu palikuwa na dole gumba langu, safi, mistari yote inasomeka, kama nimepiga kura. Akaileta puani. Akanusa. Akanusa tena, akaita ndani:

"Hii barua imetoka kwao au imetoka jikoni kwetu?"

Huko ndani wanawake walicheka hadi kitu kikaanguka, nadhani ni mfuniko.

Mengine ni mafupi. Posa imekubaliwa, kwa hiyo Bwana Harusi hana la kulalamikia. Nimetozwa faini ya mafungu mawili ya migebuka wakavu kutoka Kibirizi, nimeshalipa. Pilau ilipoletwa sikuweza kula, nilikuwa nimeshiba. Kanzu imelowekwa mara tatu, ikaanikwa juani, ule mkono umefifia kidogo lakini bado unaonekana ukijua pa kutazama, na mjomba anajua. Nesi amenitumia picha ya ndizi mbili na yai, bila maneno.

Jana kikundi kilipokutana stesheni nilikuta wameniwekea kawa juu ya jiwe. Chini yake viazi vitamu vya kuchemsha na bakuli la maziwa. Nimekula viazi. Maziwa wakampe Bwana Harusi, yeye ndiye anayejua kulia nyau.

Na usiku mshenga akanipigia. Nikadhani ni faini nyingine. Kumbe bibi ameuliza yule mchumba wake mkimbiaji anakuja lini, amemtengea mgebuka. Nimejibu Jumapili. Shati jeusi nimeshalipiga pasi.