Kamera Inayoona Hadi Soksi

Kamera yetu ya zamani ilipendwa na mtaa mzima kwa sababu ilikuwa haioni. Mchana ilikwambia kuna kitu kimepita getini. Usiku ilikwambia huenda kuna kitu kimepita. Tulipoibiwa jogoo nikapeleka picha kwa mwenyekiti wa mtaa. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwizi ndiye huyu mnene aliyeinama?" Nikamwambia hapana mzee, hilo ni jiwe. Sisi tunakaa Bwiru, Mwanza, nyumba zimechomekwa katikati ya mawe, na jiwe la getini kwangu linazidi choo cha nje kwa ukubwa. Watu wanne waliokuwa pale ofisini wakaomba nao waone. Wote wakaapa wamemtambua mwizi, na kila mmoja akamtaja mtu anayemdai.

Mke wangu akasema basi. "Baba watoto, hiki kidude tunakilisha LUKU bure. Kinatuonyesha chenga tu."

Nikashuka mjini, nikanunua kamera ya 4K. Kijana wa dukani alinipa hesabu yake vizuri. Ile ya zamani ni 720, maana yake picha ina vitone 1280 kwa 720, hata milioni moja haifiki. Hii mpya ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Mara tisa kamili. Akaongeza kwamba ina kinasa sauti ndani yake, na kwamba usiku inawasha taa nyeupe na kuonyesha rangi, siyo ile picha nyeusi na nyeupe ya vitaa vya infraredi. Nikamwambia hayo ni ya ziada, mimi nataka sura ya mwizi. Maskini mimi, kumbe hayo ya ziada ndiyo yangekuja kufanya kazi kubwa.

Fundi akaja na ngazi, na kijana wa kushika ngazi, na kijana mwingine ambaye mpaka leo sijajua alikuja kushika nini. Wakafunga kamera, wakaunganisha waya, tukawasha. Skrini nyeusi tii. Fundi akachomoa, akapuliza, akachomeka. Nyeusi. Akashuka, akakitazama kiboksi cha kurekodia, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma ya daktari.

"Mzee, hii DVR mwisho wake ni 1080. Ukiipa 4K haielewi imeletewa nini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na yenyewe tuibadili."

Tukabadili. Diski ya terabaiti moja nikagoma kuibadili, maana hesabu ilishafika mahali pa kumficha mke. Fundi akasema sawa, ila nijue kwamba picha ikiwa nzito diski inajaa upesi. Zamani ilikuwa inaweka zaidi ya mwezi mzima ndipo inaanza kufuta za nyuma. Sasa, kwa alivyoipanga, megabiti nane kila sekunde mchana na usiku, itaweka siku kumi na moja tu. Naomba hiyo kumi na moja uishike, kuna mtu itakuja kumtoa jasho.

Upande wa televisheni tulikuwa salama, tulishanunua inchi 55 ya 4K kwa ajili ya mpira. Tungeunganisha kwenye ile ndogo ya chumbani, picha ingeshuka mpaka uwezo wa kioo chenyewe, na heshima ya ukoo pengine ingesalimika.

Siku za mwanzo zilikuwa za raha tupu. Nilisoma "Mungu ni Mwema" kwenye bodaboda ikiwa inatembea. Niliona kwamba jirani yangu ana pengo, miaka yote hii sijawahi kujua. Simu nayo ilikuwa inaniletea taarifa: "Mtu amegunduliwa." Nakimbilia kuangalia, kumbe ni mmoja wa wale mijusi wetu wa mawe, kichwa chekundu mwili wa buluu, ambao watalii wanawaita Spiderman. Amesimama juu ya jiwe anapiga pushapu. Madume yao hufanya hivyo kumtisha mwenzake na kumwita jike. Kwa kamera yangu alikuwa mhalifu sugu, asubuhi moja aligunduliwa mpaka simu ikapata moto.

Halafu mwezi ukaingia giza.

Aliyekulia ziwani anajua habari ya giza. Ndizo siku wavuvi wa dagaa wanaingia majini na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikishika kazi hupoa. Na ndizo siku ambazo vile vidudu vidogo vya ziwani huibuka kwa wingi, wingu linapanda juu ya maji mpaka mgeni anadhani ziwa linaungua. Haviumi. Upande wa Kenya na Uganda kuna watu huvikusanya, wakavikanda, wakavipika, vikaliwa. Sasa kamera yangu nayo saa moja usiku ikawasha taa yake nyeupe, pekee mtaani, juu ya kilima kinachotazama maji. Nilikuwa nimetundika karabai getini bila kuwa na mtumbwi.

Vilikuja vyote. Simu ikaita "mtu amegunduliwa" mpaka ikakosa pumzi, na mimi kila ikiita nafungua kuangalia, kwa ubora ule ule wa 4K, kwa bando langu mwenyewe. Saa nane usiku bando likakata. Asubuhi chini ya geti tulizoa vidudu kwa beleshi, kuku wa jirani wakaja bila kualikwa, na mjusi kafiri wa ukutani alikuwa ameshiba hata kukimbia hawezi. Nikampigia fundi. Akanishauri nizime taa nyeupe, nitumie infraredi, rangi itapotea lakini nitalala. Mke wangu akasikia.

"Rangi tumelipia. Rangi inabaki. Zima hizo kelele za simu."

Nikazima kelele za simu. Rangi ikabaki. Sauti ikabaki.

Sasa tuje kwenye Jumatano ya kikao. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaagwa, na kikao cha kamati ya send-off kilipangwa kwangu, saa kumi na mbili jioni. Mwenyekiti mjomba. Katibu mwalimu mstaafu, rafiki wa familia. Mweka hazina baba mdogo, anayekaa Buhongwa. Shangazi hana cheo chochote, ila vikao vyote yeye ndiye anaviendesha. Wajumbe wakaona kwenye televisheni geti letu linavyoonekana, wakaomba nisiliondoe. "Acha tuone watu wanavyoingia," mjomba akasema, huku anachukua sambusa ya tatu. Nikaacha. Hivi mgeni akiomba utamnyima?

Ikafika saa moja kasoro, wote wamefika isipokuwa baba mdogo, na yeye ndiye mwenye fedha. Shangazi akasema apigiwe. Mwalimu akapiga, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Ndiyo napita Mkuyuni hapa, mwalimu," ikasema simu. "Foleni ya leo si ya kawaida!"

"Foleni ya leo si ya kawaida!" ikasema televisheni.

Tukageuka wote. Baba mdogo alikuwa amesimama getini kwangu, ameegemea lile jiwe, simu sikioni, mkono mwingine unaonyesha kwa ishara ukubwa wa foleni ya Mkuyuni.

Akakata simu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akainua uso, akaitazama kamera moja kwa moja, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la dharau, la mtu anayemjua kipofu wa siku nyingi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tumebadilisha.

Akatoa bahasha ya kaki kwenye koti. Taa nyeupe ikawaka juu yake, na yeye, badala ya kushtuka, akaitumia kuhesabia. Akalamba kidole. Walikuwa wekundu wa Msimbazi, huwezi kuwachanganya na noti nyingine, rangi ilikuwa kamili. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, akawatenga, akawakunja mara mbili. Akainama. Akavua kiatu cha kushoto. Soksi ilikuwa ya kijani yenye mistari, imetoboka mbele, na kidole gumba kinachungulia. Ukucha tuliuona. Kwa kamera ya zamani tungeona jiwe kubwa na jiwe dogo. Wekundu wakaingia soksini, kiatu kikarudi, akakanyaga mara mbili kupima kama hakibani.

Sebuleni hakuna aliyepumua. Mjomba alikuwa na sambusa mdomoni, haitafuni.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na akili. Akadaka rimoti, akaweka taarifa ya habari, na hodi ikapigwa.

"Jamani poleni! Pale Mkuyuni pale, acheni tu."

"Pole sana," tukajibu kwa pamoja, kwa sauti ya kanisani.

Akakaa, akafungua daftari, akasoma taarifa yake kwa masikitiko. Hali ni ngumu, watu wanatoa ahadi na hawatoi fedha, kilichokusanywa ni hiki hapa. Shangazi akainuka, akammiminia chai, akamwekea sukari mwenyewe, akakoroga. Kisha akamuuliza taratibu, "Mdogo wangu, na ile ya soksini umeiandika ukurasa gani?"

"Soksi ipi?"

"Ya kushoto. Ya kijani."

Kicheko kilichotoka pale nina hakika kilifika mpaka Kirumba. Mjomba sambusa ilimpalia, akapigwa mgongoni. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikunywa chai funda moja, akaweka kikombe kwenye kisahani bila kukigongesha, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmeona sasa," akasema. "Nilisikia mnajisifu mna kamera mpya. Nikasema ngoja niipime, isije ikawa kijana wetu kapigwa fedha yake. Imefaulu."

Akavua kiatu mbele yetu, akaweka wekundu watano mezani. Hakuna aliyetaka kuwashika. Mwalimu aliwahesabu kwa ncha ya kalamu.

Ningekuwa mimi, ningeishia hapo na kuomba njia. Baba mdogo si mtu wa kuishia hapo. "Mwanangu," akaniambia, "si inarekodi hii? Basi rudisha nyuma. Tumwone kila mjumbe alivyoingia. Tupimwe wote."

Kicheko kikakatika ghafla. Mimi ni nani nimkatalie baba mdogo? Nikarudisha nyuma mpaka saa kumi na moja, na wa kwanza kuingia alikuwa shangazi.

Alisimama getini, akatazama kushoto, akatazama kulia (huu mtazamo naona ni wa ukoo), akainamia vyungu vya maua vya mke wangu. Kulikuwa na waridi la njano ambalo mke wangu aliletewa kutoka Bukoba, anazungumza nalo asubuhi. Shangazi alilivuta na mizizi yake, akakung'uta udongo, akalilaza ndani ya mkoba na kulifunika kwa kanga. Televisheni ikatuletea na maneno: "Anakumwagilia maneno tu, huyu. Bora nikuokoe mwenzangu."

Mke wangu aligeuza shingo polepole kuutazama mkoba uliokuwa miguuni mwa shangazi. Kwenye zipu kulikuwa na jani linatoka nje.

"Dada," akasema baba mdogo, "na lile la mkobani umeliandika ukurasa gani?"

Shangazi hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Hii inakaa siku ngapi kabla haijajifuta?"

"Kumi na moja, shangazi."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Jumapili iliyopita imo?"

"Imo."

"Na Jumapili ya nyuma yake?"

"Nayo imo."

"Yesu wangu," akasema, akavua kilemba akajipepea.

Nilikuwa nimeshika rimoti kuendelea na mjumbe wa pili, mjomba akasimama wima. Akasema muda wa wajumbe ni mali, tuheshimu ajenda. Mwalimu, ambaye kwa kawaida hupinga lolote analosema mjomba, akaunga mkono hoja, akaongeza kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na si vizuri kuichezea. Mjumbe mmoja wa nyuma akauliza kama swichi kubwa ya umeme iko upande gani wa nyumba. Baba mdogo akawa anatabasamu tena, lile lile la getini, anakula sambusa.

Kikao kile kilikuwa kifupi kuliko vyote. Kila mwenye ahadi aliikumbuka pale pale. Waliosema mwezi ukiisha, mwezi uliisha. Mjomba alitoa yake na ya mkewe, sala ya kufunga akaisoma amekwisha vaa kofia, na wakatoka getini wote kwa mkupuo mmoja, kimya, nyuso wameziinamisha chini.

Usiku ule mimi na mke wangu tuliangalia yaliyobaki. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya lile jiwe dakika nzima, analihutubia, analipungia mkono. Alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake ya send-off, na kusema kweli ilikuwa nzuri. Ya mjomba siyasemi. Yeye ndiye atakayetuombea chakula siku ya shughuli.

Waridi limerudi chunguni, bado linanyong'onyea. Kikao kilichofuata kilihamishiwa Buhongwa kwa baba mdogo, kwa pendekezo la wajumbe wote. Kwake hakuna kamera, na taa ya getini alisema imeungua wiki hiyo hiyo. Shangazi alikuja na mkoba mkubwa zaidi.