Baba akiwekewa mpira wa mkojo, uliza utatoka lini

Sisi tulio Uingereza tukipigiwa simu kwamba mkojo wa mzee umeziba na amewekewa mpira, swali la kwanza huwa ni pesa. Naona swali la kwanza liwe tarehe: mpira umewekwa lini, utabadilishwa lini, utajaribiwa kutolewa lini. Hapo ndipo huku na nyumbani tunapotofautiana kweli. Kifaa chenyewe ni kilekile.

Kote kote ni mpira wenye puto karibu na ncha, unaobeba jina la Frederic Foley, daktari wa mkojo wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1930 ili kukandamiza damu baada ya upasuaji wa tezi dume. Una njia mbili ndani: pana ya mkojo na nyembamba ya kujazia puto. Unene hupimwa kwa namba, na kila namba moja ni theluthi ya milimita, kwa hiyo namba 16 ina kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita 5. Mzee mwenye tezi dume iliyokua huhitaji 14 au 16. Mdomo wa kujazia puto una rangi: kijani ni 14, chungwa ni 16, nyekundu ni 18. Ujazo wa puto nao umeandikwa papo hapo. Kwa simu ya video mwenye kumuuguza anaweza kukuonyesha, ukajua mzee amevaa nini. Namba kubwa haifungui mziba vizuri zaidi. Ya 20 na kuendelea ni kwa ajili ya damu na mabonge yake. Asiye na damu akiwekewa hiyo, njia yake ya mkojo inabanwa bure na kibofu kinakereka.

Kosa la kuwekewa ambalo madhara yake hudumu ni kujaza puto likiwa bado ndani ya tezi. Kwa mwanaume mpira unasukumwa mpaka kwenye maungio yake, pale unapogawanyika mara mbili, hata kama mkojo umeanza kutoka mapema. Tezi iliyokua hurefusha njia, hivyo tundu la ncha linaweza kuwa limeshaingia kibofuni huku puto liko nyuma. Ukijaza mililita 10 hapo, unaipasua njia. Damu inatoka pembeni mwa mpira, na kovu litakalobaki linaweza kuwa mziba mwingine miezi kadhaa baadaye. Mzee akiguna kwa maumivu maji yanapoingia, unasimama, unayanyonya, unasukuma zaidi. Maji yawe ya sindano, yaliyotakaswa. Ya chumvi huacha chembechembe ndani ya ile njia nyembamba, na siku ya kutoa puto linagoma kupungua. Jeli ya ganzi, mililita 10 hivi, ipewe dakika 3 mpaka 5 kabla ya kusukuma chochote. Mpira wa kawaida ukikwama kwenye tezi, kuna wenye ncha iliyopinda, na ncha hiyo huelekezwa juu. Kutumia nguvu hakusaidii. Na asiyetahiriwa, govi lirudishwe mahali pake kabla ya kuondoka, la sivyo linavimba na kukaba.

Mpaka hapa, muuguzi wa Mbeya na wa Manchester wanafanya kazi ileile, na wa Mbeya pengine ameweka mingi zaidi kwa taa mbaya zaidi. Tofauti inaanza baada ya mkojo kutoka. Huku anaandika tarehe, aina ya mpira, namba yake, namba ya toleo la kiwandani, maji yaliyojazwa putoni, sababu ya kuuweka, mkojo uliotoka katika dakika 10 au 15 za kwanza, na tarehe ya hatua inayofuata. Maeneo mengi huwa na kijitabu maalumu anachotembea nacho mgonjwa. Nyumbani kadi nyingi zinasema tu kwamba amewekewa mpira, basi.

Hicho kiasi cha mkojo wa kwanza kina maana kubwa. Mzee aliyeziba ghafla, kwa maumivu, akatoa mililita 700, ni tofauti kabisa na yule asiye na maumivu aliyetoa lita moja na nusu. Wa pili huenda figo zimeshaanza kuumia. Anahitaji kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha kazi ya figo, na mkojo wake upimwe kila saa, kwa sababu anaweza kumwaga zaidi ya mililita 200 kila saa kwa saa nyingi mfululizo akaishiwa maji na chumvi za mwili. Huyu mpira wake usitolewe haraka. Kiasi kisipoandikwa, wiki moja baadaye hakuna anayeweza kuwatofautisha wazee hawa wawili.

Yule wa kwanza, huku, siku hiyohiyo anaanzishiwa dawa ya kulegeza shingo ya kibofu, mara nyingi tamsulosin miligramu 0.4 mara moja kwa siku. Baada ya siku 2 au 3 mpira unatolewa asubuhi kwa majaribio. Anakunywa maji kwa kadiri, kila anapokojoa anapima kwenye jagi, na mwisho anapigwa picha ya ultrasaundi kuona kilichobaki. Akikojoa mililita 200 na kubakiza chini ya 150 hivi, anarudi kwake bila mpira. Dawa inasaidia kweli: katika utafiti mmoja mkubwa wa alfuzosin, dawa ya kundi hilohilo, karibu wanaume 6 kati ya 10 waliweza kukojoa mpira ulipotolewa, dhidi ya karibu 5 kati ya 10 waliopewa kidonge kitupu. Angalia hiyo namba ya pili. Hata bila dawa, karibu nusu walikojoa. Ina maana nyumbani tuna wazee wanaotembea na mpira miezi mingi ambao huenda hawakuuhitaji baada ya wiki ya kwanza.

Jaribio hili linahitaji jagi la kupimia, vidonge, na ultrasaundi ambayo hospitali nyingi za wilaya zinayo. Najua kwa nini linarukwa. Mzee ametoka mbali, na hakuna anayetaka azibe tena saa nane za usiku kijijini. Hofu hiyo ni ya haki. Jibu lake ni kumlaza karibu na hospitali usiku mmoja baada ya kutolewa mpira, na pesa ya chumba cha usiku mmoja ni ndogo kuliko tunazotuma kila mwezi kwa mifuko na nauli. Kabla ya jaribio, hakikisheni amepata choo kikubwa, kwa sababu kinyesi kigumu peke yake kinaweza kuziba mkojo. Mchunguzeni pia dawa anazomeza. Piriton na dawa nyingi za mafua, pamoja na amitriptyline (ya sonona na maumivu ya neva), hudhoofisha misuli ya kibofu inayosukuma mkojo na zinaweza kumziba upya.

Kwa anayelazimika kubaki na mpira, malighafi yake ni muhimu. Wa ulimbo (lateksi) usiopakwa kitu ni wa siku 7 hivi. Uliopakwa tefloni ni wa siku 28. Wa silikoni tupu huenda mpaka wiki 12. Kwa mwaka, hiyo ni mara 13 za kubadilisha kwa ule wa siku 28, na mara 4 au 5 kwa silikoni; kila safari ni nauli na nafasi nyingine ya kuumizwa au kuingiziwa vijidudu. Mwenye uwezo wa kutuma kitu, anunue silikoni namba 14 au 16 yenye puto la mililita 10, ya wanaume, aangalie tarehe ya mwisho ya matumizi, na aulize kwanza kama muuguzi wa kule atakubali kuitumia. Silikoni ina tabia zake: maji huvuja polepole kupitia ukuta wa puto, na siku ya kutoa puto linaweza kubaki na mkunjo unaokwaruza. Wakati wa kulipunguza, bomba la sindano liachwe lijijaze lenyewe bila kuvutwa kwa nguvu, kisha ikihitajika puto lirudishiwe nusu mililita kulainisha mkunjo.

Nyumbani kwenyewe, mambo machache huamua kama mzee ataishi vizuri. Mpira ufungwe pajani kwa mkanda au plasta, ukiwa na ulegevu. Mfuko mzito ukining'inia bila kufungwa huvuta mpaka uume unachanika upande wa chini, na hilo halirudi lenyewe. Mfuko ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Mkojo ukivuja pembeni ya mpira, watu hukimbilia kuongeza maji kwenye puto au kuweka mpira mnene zaidi. Vyote viwili huzidisha, maana mara nyingi sababu ni kibofu kujikaza, choo kigumu, au mpira uliokunjika. Mpira unaoziba kila wiki mbili tatu kwa chembe nyeupe kama mchanga una vijidudu vinavyogeuza mkojo kuwa na magadi, hasa Proteus. Huyo apigwe picha aangaliwe mawe ya kibofu na abadilishiwe mapema kabla ya siku zake za kuziba. Na mkojo wenye vijidudu kwa mtu mwenye mpira wa muda mrefu ni jambo la kutarajiwa. Bila homa wala maumivu hautibiwi kwa antibiotiki. Ukiutibu kila mara unafuga usugu.

Nisiwapambe Waingereza. Hapa mtu anaweza kukaa na mpira miezi mingi akisubiri foleni ya upasuaji, na wazee wengi wanaishi peke yao, muuguzi anagonga mlango, anabadilisha, anaondoka. Nyumbani kuna mtu wa kumwaga mfuko saa kumi alfajiri, na hilo ni tiba kwa namna yake. Wala tusidharau upasuaji wa kufungua tumbo. Kwa tezi inayozidi gramu 80 hivi ni njia halali na ya kudumu, na madaktari wetu wameuzoea sana kwa sababu wazee wetu huchelewa kufika. Kwa tezi ndogo kuna kukwangua kupitia njia ya mkojo, kunakofanyika hospitali za Muhimbili, KCMC Moshi, Kenyatta na kwingineko, kwa ganzi ya mgongoni.

Kuna wanaoniuliza kuhusu puto jipya linalotibu tezi yenyewe. Lipo: Optilume BPH, lililoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa tezi za gramu 20 mpaka 80. Linapanuliwa ndani ya tezi mpaka sehemu ya mbele inaachana, na limepakwa paclitaxel ili isishikane tena. Miaka ya 1980 maputo yasiyo na dawa yalijaribiwa kwa matumaini makubwa, yakaachwa kwa sababu nafuu haikudumu. Hili jipya lina matokeo bora, lakini si sababu ya kumpandisha mzee ndege. Mgeni wa viza ya matembezi hutozwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, asilimia 150 ya bei ya kawaida kwa matibabu kama haya. Fedha hizo nyumbani zinalipia upasuaji na kubaki.

Kwa hiyo mzee akishindwa jaribio la kwanza, alirudie baada ya wiki moja au mbili akiwa kwenye dawa. Tezi kubwa huongezewa finasteride miligramu 5, nayo huchukua miezi karibu 6 kuonyesha kazi yake na hushusha kipimo cha PSA, kile cha damu cha tezi dume, kwa karibu nusu, jambo ambalo daktari wa kipimo lazima aambiwe. Anayesubiri upasuaji wa mtoto wa jicho amtajie daktari wa macho tamsulosin. Akishindwa mara ya pili, mchango wa ukoo uanze kukusanywa kwa upasuaji, usiishie kwenye mifuko. Na homa yenye kutetemeka, mfuko mtupu kwa saa 4 huku tumbo la chini limejaa, au damu yenye mabonge, havisubiri kliniki ya Jumatatu. Apelekwe usiku huohuo, na kadi yake mkononi.