Macho yanaleta vipande, ubongo unamalizia

Watu wakisema "macho yamekudanganya" mimi huwa nabisha. Macho hayana kosa pale, yameleta vipande kama yalivyovikuta, anayemalizia picha ni ubongo, na jamani unaimalizia vizuri kuliko sifa tunazoupa.

Chukua ile pembetatu ya mwanasaikolojia Mtaliano Gaetano Kanizsa, ya mwaka 1955. Unachora viduara vitatu vyeusi, kila kimoja unakimega kipande kama keki, halafu unavipanga kwenye pembe tatu, ile sehemu iliyomegwa iangalie katikati. Basi, umemaliza. Pembetatu hujachora, lakini iko pale inakuangalia, nyeupe kuliko hata karatasi yenyewe, kingo zake unaziona kabisa! Funika viduara viwili na mkono, imepotea. Toa mkono, hiyo imerudi. Na ukishajua siri yake bado utaiona tu, hapo elimu haikusaidii kitu. Mwaka 1984 watafiti walipima seli kwenye ubongo wa nyani, sehemu inayoshughulika na kuona, wakakuta kuna seli zinaitikia ule mstari ambao haupo, kwa hiyo asikuambie mtu eti ni mawazo yako.

Mwingine ni mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Sweden, yeye mwaka 1973 alionyesha filamu ya giza tupu, kuna vinukta vya mwanga tu kwenye mabega, viwiko, magoti na vifundo vya miguu. Vikitulia huambulii kitu, ni vinukta tu. Vikianza kwenda, hapohapo unasema huyu mtu anatembea, wala hufikirii.

Sasa kasheshe ni kwamba ubongo haukuambii wapi umeona na wapi umejazia. Mwaka 1976 chombo cha anga cha Viking 1 kilipiga picha kilima huko sayari ya Mars, vivuli vikakaa vibaya, watu wakaona sura ya binadamu na wengine wakaanza habari za ustaarabu uliopotea, mpaka picha safi za 2001 zikaonyesha mlima wa kawaida tu. Huku kwetu ni zile picha za jini za WhatsApp, zimepigwa usiku na simu mbovu, halafu mtu kashazungushia duara jekundu ili usikosee pa kuogopa.

Ndiyo maana video ya CCTV yenye ukungu ikiletwa na mtu akaapa "ni yeye kabisa", mimi nataka aulizwe kwanza: kabla hujatajiwa jina, ulikuwa unaona nani?