Tatizo ni uzi wa nailoni sio tiara
Jamani hili wazo kwenye habari kwamba India ipige marufuku kabisa mashindano ya kukatana tiara, yaani kukata uzi wa tiara ya mwenzako angani, mi nalipinga. Pale mjini Ahmedabad kila Januari 14, sikukuu ya Uttarayan, watu wako juu ya mapaa tangu asubuhi wakirusha tiara, na manja (uzi wa kukatia tiara) ya asili ni uzi wa pamba unapakwa gundi ya wali na unga wa chupa, ukivutwa sana unakatika. Huu wa nailoni haukatiki kirahisi!! unabaki umening'inia kwenye miti na nyaya, ndege wananasa mabawa, mwenye pikipiki akipita unamchana shingo. Tangu 2017 mahakama yao ya mazingira iliupiga marufuku lakini bado unauzwa kwa kificho, kamateni hao wauzaji, mtoto na tiara yake ya karatasi mwacheni acheze