H ni Haraka

Mzee wetu alipostaafu na kurudi kwao Tanga aliniachia vitu vitatu: funguo za chumba cha seva, koti zito la mtumba, na daftari. Koti ni kwa sababu mle ndani baridi ni nyuzi 18 mwaka mzima, na sisi wa Dar es Salaam hatukuumbwa kwa mambo hayo. Daftari ni kwa sababu mzee hakupenda kukariri amri za mashine kwa Kiingereza. Kila herufi aliitafutia neno lake la Kiswahili, akaliandika kwa peni ya bluu, kwa mwandiko wa shule za zamani.

Mashine yenyewe ilikuwa HP Integrity rx8640. Kwa asiyeijua, ichukulie kama nyumba ya kupanga: jengo moja, mlango wa mbele mmoja, lakini kila mpangaji ana chumba chake na pilika zake. Vyumba ndivyo patisheni. Sisi tulikuwa nazo mbili: patisheni 0 ya bohari na patisheni 1 ya mishahara. Mmoja anaweza kulala fofofo huku mwenzake anapika, hawasumbuani. Vyumba vyenyewe vimejengwa kwa seli, yaani bodi kubwa zenye prosesa na memori, nazo zinaingia 4 kwenye kabati. Ukitaka kumwongezea mpangaji nafasi, unampa seli nyingine.

Halafu kuna kikompyuta kidogo cha usimamizi, MP, kisicholala hata wapangaji wote wakizimika. Mzee alikiita balozi, kama balozi wa nyumba kumi. Unapotaka kumwita kutoka kwenye konsoli, yaani skrini ya kuandikia amri, unabonyeza Ctrl na B. B ya balozi. Unaona utamu wa mfumo wake? Amri za balozi nazo zilikuwa na majina. RS ni risasi: patisheni inaanguka papo hapo, haina muda hata wa kuaga. TC ni tapika chini: patisheni inakufa, lakini kwanza inamwaga yaliyokuwa kwenye memori hadi kwenye diski, ili mje mchunguze ilikula nini. RR aliiandikia neno moja tu: "Usiguse."

Na ukurasa wa 14, ulioandikwa juu "Kuongeza seli", ulikuwa na doa la mafuta ya chapati. La kwangu. Nilikuwa nakula huku nasoma. Mistari ya juu ilisomeka vizuri: unampa mpangaji seli mpya kwa parmodify, kisha shutdown -R, "R ni rudi". Chini yake kulikuwa na shutdown -R -H, "H ni ha", na hapo mafuta yakameza neno. Mstari wa mwisho ulianza na BO, kisha ba-kitu-fulani, kisha chapati.

Mwaka 2012, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikapewa dirisha, yaani muda wa kuzima mfumo, la kuongeza seli ya 3 kwenye patisheni ya mishahara. Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 9. Jumatatu watu wanalipwa. Mhasibu wetu, mama mmoja mpole ambaye upole wake unatisha kuliko ukali wa wengine, alikuwa ameshanitumia ujumbe mchana: "Mwanangu, usinivunjie mfumo." Nikamjibu, "Mama, hii ni kazi ya saa moja."

Kwa uangalifu wangu nilianza kwa setboot -b off, ili patisheni isijibuti, yaani isijiwashe, yenyewe. Nilitaka ikifika kwenye menyu ya EFI, pale unapochagua mfumo endeshi wa kuwasha, kwetu HP-UX, isimame, niikague kwa macho kwanza. Kumbuka hili. Mimi sikulikumbuka. Kisha nikaandika parmodify -p1 -a3:base:y:ri, ikakubali, ikanikumbusha kwamba lazima patisheni iende chini kwa mpangilio mpya. Nikafungua ukurasa wa 14. R ni rudi. H ni ha… Sasa neno gani la Kiswahili linaanza na ha, na fundi angelitaka saa 5 usiku akiwa kwenye baridi?

Haraka, bila shaka.

Nikaandika shutdown -R -H -y 0. Rudi, haraka. Nikabonyeza Enter kwa kidole cha mtu anayejua anachofanya.

Programu zikafungwa moja moja kwa heshima. Konsoli ikanyamaza. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu mashine hizi zikiamka hujikagua memori yote kwanza, na dakika 20 au 30 za ukimya ni kawaida. Nikakaa kwenye boksi la karatasi za printa, nikajifunika koti. Saa 6. Saa 7 kasoro. Nikabonyeza Enter mara tano, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoambiwa ina watu. Kimya.

Saa 7 na nusu mlinzi akachungulia.

"Injinia, mbona unaongea peke yako?"

"Siongei, afande. Nahesabu."

"Umeme upo lakini?"

"Upo."

"Basi si uizime uiwashe."

Nikamtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma. Nikamweleza kwamba hii si televisheni ya kibandani. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akakaa. Hakuwa na pa kwenda, na nadhani hakuwa ameona kichekesho siku nyingi.

Nikamwita balozi: Ctrl, B. Nikaingia kwenye paneli ya mbele ya kuigiza, VFP, inayoonyesha kila patisheni iko katika hali gani. Ya bohari ilikuwa nzima, inahema. Ya mishahara ilisema haiko hai, na kila seli yake, pamoja na ile mpya, ilikuwa na hali ya kuzuiwa kubuti. Kwa kifupi chao, BIB.

"Bibi gani?" akauliza mlinzi.

Nikaanza kutokwa na jasho kwenye nyuzi 18. Imezuiwa? Na nani? Kwa kosa gani? Nikajua nimeua seli. Nikawaza bei ya seli. Nikawaza kurudi kijijini kulima. Saa 8 na robo simu ikatetema: "Mwanangu, mfumo umerudi?" Nikaandika, "Unaamka taratibu, mama." Kisha nikafungua menyu ya amri, nikaiangalia RS kama mtu anayeangalia bunduki ya babu ukutani, nikaiacha. Niliiangalia na TC pia. Lakini mtu aliyeshazimika atatapika nini?

Wa kuniokoa alikuwa mmoja tu, na alikuwa amelala Tanga. Kumpigia mzee saa 8 usiku sikuthubutu. Nikapiga hesabu: mzee huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa hiyo nikasubiri. Saa 10 na nusu, dirisha langu limeshafungwa saa moja na nusu iliyopita, nikapiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na yule mdogo wako wa chuo, alimaliza?"

"Alimaliza, mzee, ameshapata na kazi."

"Alhamdulillah. Tanga mvua zimetukuta mapema mwaka huu…"

Nikasikiliza habari za mvua. Mishahara ya watu imezimika, mimi nauliza mahindi yameshikaje. Ningefanya nini? Hatimaye akasema, "Haya, sema. Hujanipigia saa hizi kunijulia hali."

Nikasema yote. Nilipofika kwenye -H akanisimamisha.

"Uliandika H? Kwa nini?"

"H ni haraka, mzee."

Kimya kirefu. Nyuma yake nikasikia maji yakimwagika kwenye ndoo, anatia udhu.

"H ni hapohapo," akasema. "R peke yake, seli zinarudi mlangoni, balozi anazipa orodha mpya ya nani anakaa chumba gani, zinaingia. Ukiweka na H, zinapewa orodha, halafu zinasimama hapohapo mlangoni mpaka mtu aziruhusu. Hazina ugonjwa, mwanangu. Zinakusubiri wewe."

Kwa saa tano na ushee mimi naisubiri mashine, mashine inanisubiri mimi, kila mmoja kwa adabu zake, kama wageni wawili wanaosukumiana birika.

"Sasa mwite balozi. Menyu ya amri. Andika BO. Basi ondoka."

BO. Ikaniuliza patisheni ipi, nikaandika 1, nikathibitisha. VFP ikachangamka. Seli zikaanza kujikagua. Nilitaka kumshukuru mzee kwa maneno mengi lakini akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ukurasa ule uliandikwa wazi. Umeusomaje vibaya?"

"Una doa, mzee."

"Doa la nini?"

Mtandao ukakatika. Yaani, niliukata.

Nikangoja tena nusu saa, safari hii kwa furaha. Kisha furaha ikapungua, kwa sababu konsoli ilifika kwenye menyu, ikasimama, haikwenda popote. Dakika 10. Dakika 15. Nikampigia mzee, hakupokea, yuko msikitini. Nikajishika kichwa. Nikaanza upya hesabu za kilimo.

Mlinzi akainuka, akaja karibu na skrini, akainama.

"Injinia, pale juu si pameandikwa HP-UX?"

"Pameandikwa, afande."

"Na pana mwanga. Si ubonyeze?"

Setboot -b off. Mimi mwenyewe, kwa uangalifu wangu. Mashine ilikuwa imesimama pale nilipoiambia isimame, na tena ilikuwa inanisubiri. Nikabonyeza Enter. HP-UX ikaanza kumwaga mistari yake, na saa 12 asubuhi patisheni ya mishahara ikaamka ikiwa na seli tatu. Nikamwandikia mhasibu: "Mama, tayari." Akajibu: "Asante mwanangu. Ulisema saa moja."

Jumatatu watu walilipwa, na hakuna aliyejua kitu. Isipokuwa wale waliosimuliwa na mlinzi, yaani jengo zima. Kila asubuhi nikifika getini ananyoosha mkono, anasema kwa sauti ya kuitikiwa, "Haraka haraka…" kisha anatulia, anisubiri nimalizie. Na mimi huinamia mfuko, najifanya natafuta kitambulisho.