Viza ya kustaafu itanizeesha kabla ya wakati

Jamani hii viza ya wastaafu nani aliibuni? Nimeishi kule ughaibuni miaka kibao kwa kibali cha kazi, kodi nalipa, sasa nimestaafu nataka tu kurudi nikapumzike, naambiwa nianze moja kama mgeni aliyeshuka jana.

Kinachoniua ni tarehe. Cheti cha polisi kisizidi miezi mitatu, ripoti ya daktari nayo ina muda wake, steitimenti ya benki iwe ya juzijuzi, haya, unapata cha polisi unakipeleka kikagongwe apostile (muhuri wa kuthibitisha hati ikubalike nchi nyingine), maana kuna mkataba wa The Hague wa 1961 uliokuja kurahisisha mambo (kurahisisha, eti!), kikitoka huko kinaenda kwa mtafsiri aliyeapishwa, kikirudi unakuta cha daktari kimeshaekspaya. Narudi kwa daktari. Safari hii presha imepanda, na najua nani kaipandisha.

Halafu barua ya pensheni. Hao watu wa viza wanataka kipato cha mwezi, mfuko umeandika cha mwaka mzima. Si ugawe kwa 12 ndugu yangu? Hapana, iandikwe upya! Na apointimenti ya kuipeleka ni ya mtandaoni, nafungua saa sita usiku nafasi zimeisha, sijui hao wanaoziwahi wanalala saa ngapi.

Jana wameongeza: lete tiketi ya ndege. Nikate tiketi sina viza? Eti buking tu inatosha. Haya bwana.